Sura ya Saba: Dozi ya Jana, Moyo wa Leo

Mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo anayetoka Rahaleo, Mtwara, hupita njia ambayo wengi wameipita kabla yake. Uvimbe huonekana kwanza na mtu mwingine: msusi, jirani au mkwe aliyekuja kusalimia. Anakwenda Hospitali ya Ligula, pengine anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, kisha anakata tiketi ya basi la Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 550 kupitia Lindi na Kibiti. Huko hupasuliwa. Akihitaji iodini ya mionzi, hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi inayojitegemea kwa mujibu wa sheria. Anarudi Mtwara na kovu shingoni, barua ya daktari na pakiti ya vidonge. Ndugu wanashukuru, dua inasomwa, na kwa familia nyingi ugonjwa umekwisha.

Umekwisha kweli, mara nyingi. Saratani za tezi hii zilizo nyingi, yaani aina ya papilari na ile ya folikula, hukua polepole na hutibika vizuri. Katika nchi zenye kumbukumbu za miaka mingi, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wa aina ya papilari huwa hai miaka kumi baada ya kugunduliwa. Wanawake huupata ugonjwa huu takriban mara tatu kuliko wanaume, na wengi wao hugunduliwa wakiwa bado na nguvu zao. Mama aliyepona akiwa na miaka 45 ana haki ya kutarajia miaka thelathini mingine ya kulea wajukuu na kupalilia mikorosho yake.

Sura hii inahusu miaka hiyo thelathini. Kwa mtu ambaye saratani yake ilikuwa ya hatari ndogo na imeondolewa yote, tishio kubwa la maisha yake si saratani tena. Ni lile lile linalowatishia majirani zake: moyo na mishipa ya damu. Tofauti ni kwamba yeye anameza kila asubuhi homoni inayougusa moyo moja kwa moja. Dozi aliyoandikiwa mwaka wa kwanza ilipangwa kupambana na saratani. Ikiendelea bila kupimwa hadi mwaka wa kumi, inaweza kuuchosha moyo ambao hauna tena vita vya kupigana. Hilo ndilo ninalotaka kila msomaji aondoke nalo.

Tezi ndogo, kazi kubwa

Tezi ya thairoidi hukaa chini kidogo ya koromeo. Hutengeneza homoni ya thairoksini kwa kutumia iodini, yale madini joto tunayotiliwa kwenye chumvi. Homoni hiyo husafiri kwenye damu na kuamua kasi ya karibu kila kiungo: utumbo usukume chakula kwa haraka gani, ngozi itoe joto kiasi gani, moyo upige mara ngapi kwa dakika.

Moyo ni miongoni mwa viungo vinavyoisikia homoni hii haraka zaidi. Ikizidi, mapigo huongezeka, misuli ya moyo husukuma kwa nguvu zaidi na mishipa midogo hulegea. Ikipungua, mapigo huwa mazito na ya polepole, mishipa hukaza, presha ya chini hupanda na kolesteroli hujikusanya kwenye damu.

Mdhibiti wa tezi hii yuko kichwani. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo TSH, ambayo kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Thairoksini ikiwa kidogo mwilini, TSH hupanda. Thairoksini ikizidi, TSH hushuka. Namba hizi mbili huenda kinyume, na wagonjwa wengi huchanganyikiwa hapo. Karatasi ya maabara yenye TSH ndogo sana haimaanishi kwamba homoni imepungua. Inamaanisha mwili una homoni nyingi kuliko unavyohitaji.

Watu walijua zamani kwamba mwili hauwezi kuishi vizuri bila tezi hii. Mwaka 1883 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher, alieleza jinsi wagonjwa wake aliowatoa rovu pamoja na tezi nzima walivyodhoofika, wakavimba na kuwa wazito wa mwili na akili. Kwa kazi yake juu ya tezi hii alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekosa homoni hii maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi za kondoo. Mwanamke yule aliishi hadi mwaka 1919, akiwa na miaka 74, na katika muda huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Leo kidonge kidogo cha levothairoksini hufanya kazi ya kondoo wale wote, tena kwa kipimo kinachojulikana.

Kwa nini daktari hupandisha dozi

Aliyeondolewa tezi yote lazima apewe homoni. Hapo hakuna mjadala. Lakini kwa mgonjwa wa saratani kuna sababu ya pili. Chembe za saratani ya papilari na folikula bado hukumbuka asili yake: zikiguswa na TSH, nazo huchochewa kukua. Kwa hiyo daktari huongeza levothairoksini kidogo kupita mahitaji ya kawaida, ili pituitari inyamaze na TSH ishuke. Chembe zilizobaki, kama zipo, hukosa kichocheo.

Ni tiba yenye mantiki, na kwa mgonjwa ambaye saratani yake ilisambaa inaweza kuokoa maisha. Kosa huanza pale inapotolewa kwa kiwango kimoja kwa kila mtu, milele. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015, uliotumiwa na madaktari wa nchi nyingi, uliwagawa wagonjwa kwa hatari yao. Mwenye hatari kubwa, TSH yake mwanzoni ishushwe chini ya miliuniti 0.1 kwa lita. Mwenye hatari ya kati, iwe kati ya 0.1 na 0.5. Mwenye hatari ndogo, au aliyeonekana kupona vizuri baada ya vipimo vya ufuatiliaji, inaweza kuachwa kati ya 0.5 na 2, ambayo iko ndani ya kiwango cha mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Mwongozo ule ule ulimtaka daktari azingatie umri, mifupa na moyo wa mgonjwa kabla ya kuishusha TSH.

Maana yake ni kwamba lengo hubadilika. Mama aliyeanza na lengo la chini ya 0.1 anaweza, baada ya miaka kadhaa bila dalili za saratani, kustahili lengo la 1 au 2. Mabadiliko hayo hayaji yenyewe. Lazima mtu apime, asome karatasi na aandike dozi mpya.

Moyo unaokimbizwa

Homoni ikizidi kwa wiki chache, mtu huhisi joto, hutetemeka vidole, hukosa usingizi, na moyo humdunda akiwa amekaa tu. Ikizidi kidogo kwa miaka, huenda asihisi chochote. Hapo ndipo pa kuogopa. Moyo huwa kama mashine ya boti iliyotiwa nanga Msangamkuu huku moto ukiwa umefunguliwa hadi mwisho: boti haiendi popote, lakini mashine inakwisha.

Madhara yanayojulikana ni matatu. Kwanza, mapigo huongezeka usiku na mchana. Pili, ukuta wa chumba cha chini cha kushoto hunenepa na kukakamaa, hata moyo ukashindwa kulegea vizuri ili ujae damu. La tatu ndilo baya zaidi: vyumba vya juu vya moyo huacha kupiga kwa mpangilio na kuanza kutetemeka ovyo. Madaktari huita hali hiyo fibrilesheni ya atria. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama katika vyumba hivyo na kuganda. Donge likichomoka na kupanda kichwani, mtu hupata kiharusi.

Ushahidi wa jambo hili ni wa muda mrefu. Katika mji wa Framingham, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka kumi watu 2,007 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Kati ya waliokuwa na TSH ya 0.1 au chini, 28 kwa kila mia walipata fibrilesheni ya atria. Kati ya wenye TSH ya kawaida, walioipata walikuwa 11 kwa kila mia. Watu wale hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini TSH yao ya chini ni ile ile ambayo mgonjwa wa saratani hupewa kwa makusudi.

Mwaka 2013, madaktari wa Groningen, Uholanzi, walichapisha utafiti uliowalenga waliotibiwa saratani yenyewe. Waliwalinganisha wagonjwa 524 na watu 1,572 wa umri na jinsia sawa wasio na saratani hiyo. Vifo vya moyo na mishipa kwa waliotibiwa vilikuwa zaidi ya mara tatu. Zaidi ya hapo, kila TSH iliposhuka mara kumi, hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo ilipanda kwa takriban mara tatu. Si kila utafiti umeona tofauti kubwa hivyo ya vifo. Lakini fibrilesheni ya atria imejitokeza tena na tena, na inawasumbua zaidi wenye umri mkubwa.

Upande wa pili wa mizani

Nimekutana na watu ambao wakisikia habari hii husema, basi bora niache dawa. Nawaomba wasiache. Kuacha levothairoksini baada ya kuondolewa tezi yote ni hatari kubwa kuliko kuizidisha. Kolesteroli hupanda, mishipa ya moyo huanza kuziba, maji huweza kujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, mapigo hushuka, na katika hali mbaya mtu huzimia asirudi.

Upungufu huja pia bila mtu kuamua. Huja pakiti ilipokwisha na fedha ya nyingine haijapatikana. Huja duka la dawa lilipokosa na mgonjwa akaambiwa arudi wiki ijayo. Levothairoksini hubaki mwilini muda mrefu, nusu yake huchukua takriban siku saba kutoka, kwa hiyo aliyekosa siku moja asihangaike. Lakini aliyekosa mwezi mzima moyo wake umekwisha kuanza kulipa. Dawa hii imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na mgonjwa ana kila sababu ya kuidai kwenye kituo chake.

Wale walioondolewa tezi yote wana jambo jingine la kuangalia. Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna tezi nne ndogo zinazotunza kalisiamu ya damu. Zikiumizwa wakati wa upasuaji, kalisiamu hushuka. Mtu huhisi ganzi midomoni na vidoleni, misuli hukaza, na umeme wa moyo huvurugika. Ganzi ya namna hiyo si ya kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kumeza dawa ukiwa Mtwara

Kliniki, mazungumzo huenda hivi:

“Shikamoo mama. Dawa unameza saa ngapi?”

“Marahaba mwanangu. Asubuhi, na chai yangu ya maziwa.”

Mama anajibu kwa uaminifu, na jibu lake linaeleza kwa nini TSH yake inapanda na kushuka kila anapopimwa. Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Imezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalisiamu na dawa za kiungulia huizuia isiingie mwilini, kwa hiyo vipishane nayo kwa saa nne. Hili linawahusu sana akina mama, kwa kuwa wengi hupewa vidonge vya kuongeza damu wakiwa wajawazito, kipindi ambacho dozi ya levothairoksini yenyewe huhitaji kupanda na kupimwa upya mapema.

Mwezi wa Ramadhani hauzuii tiba. Anayefunga anaweza kumeza wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya chakula cha mwisho, au alfajiri akaipa dawa nusu saa kabla ya kula daku. La muhimu ni kuchagua saa moja na kuishikilia mwezi wote.

Joto na unyevu wa pwani huiharibu dawa hii. Pakiti isikae dirishani, wala jikoni juu ya kabati, wala kwenye mfuko wa gari juani. Ibaki kwenye karatasi zake za kiwandani, katika chumba kilicho baridi kuliko vyote ndani ya nyumba. Kidonge kilichoungua kwa joto huonekana vilevile, lakini nguvu yake imepungua.

Na chumvi? Pwani ya Mtwara na Lindi ina mashamba ya chumvi, na kuna wanaosema chumvi yenye madini joto inaweza kuchukua nafasi ya kidonge. Haiwezi. Iodini ni malighafi tu, na kiwanda kimeondolewa. Familia iendelee kula chumvi yenye madini joto, kwa kuwa watoto na wajawazito wanaihitaji. Mgonjwa huombwa kuiepuka, pamoja na samaki wa baharini, wiki moja au mbili tu kabla ya kupewa iodini ya mionzi, ili chembe zilizobaki ziwe na njaa ya iodini na ziinyonye ile ya tiba.

Hatari ambazo si za tezi

Moyo haujali hatari imetoka wapi, huzijumlisha zote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Tanzania alikuwa na presha ya juu. Aliyepona saratani naye yumo katika hesabu hiyo. Kama presha yake haijatibiwa na homoni yake imezidi, moyo wake unabanwa pande zote mbili.

Samaki wa chumvi ni sehemu ya maisha ya mwambao wote huu hadi mdomo wa Ruvuma, na hakuna anayetaka kumwondoa kwenye sinia. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Samaki aliyelowekwa na kumwagwa maji mara mbili kabla ya kupikwa, bila chumvi nyingine kuongezwa, humwacha mtu karibu zaidi na kiwango hicho. Msimu wa mabibo nao huja na uraka, pombe ya mabibo hayo. Pombe ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana vya fibrilesheni ya atria, na kwa mtu ambaye TSH yake imeshushwa, kunywa sana kwa usiku mmoja kunaweza kutosha kuyavuruga mapigo. Sigara ni adui wa mishipa bila kujali msimu. Upande wa kheri, mwendo wa miguu wa nusu saa siku nyingi za wiki husaidia moyo, presha na uzito kwa pamoja.

Kuusikiliza mkono wako

Kila aliyeondolewa tezi ajifunze kupima mapigo yake. Ukae, utulie dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Kati ya 60 na 100 ni kawaida kwa mtu mzima aliyepumzika. Sikiliza pia mpangilio. Mapigo yanayokwenda mbio, yanasita, yanaruka, bila utaratibu wowote, ni sababu ya kwenda hospitali siku ile ile na kuomba kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo hicho ni cha dakika chache na hakiumi. Wanaohitaji uchunguzi wa ndani zaidi hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi Muhimbili mwaka 2015.

Fibrilesheni ya atria ina tiba: kupunguza dozi ya homoni panapostahili, dawa za kutuliza mapigo na dawa za kuzuia damu kuganda. Anayetumia wafarini amkumbushe daktari kuhusu levothairoksini, kwa sababu dozi ya levothairoksini ikibadilika, nguvu ya wafarini hubadilika pia. Na dalili hizi hazingoji asubuhi: maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umelala, kuzimia, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu ghafla.

Daftari la mgonjwa

Karibu yote niliyoeleza yanaweza kulindwa kwa daftari la shule na nidhamu ndogo. Ukurasa wa kwanza uandikwe aina ya saratani, tarehe ya upasuaji, na kama iodini ya mionzi ilitolewa. Kurasa zinazofuata ziwe na safu za tarehe, dozi, TSH, mapigo, presha na uzito. TSH ipimwe wiki sita hadi nane baada ya kila badiliko la dozi, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Vitendanishi vikikosekana maabara moja, uliza kipimo kinapatikana wapi, usiruke mwaka.

Kisha kuna swali moja la kumuuliza daktari kila mwaka, kwa heshima na bila woga: “Daktari, TSH yangu inatakiwa iwe ngapi sasa, na kwa nini?” Daktari anayeijua kazi yake atalifurahia. Kama jibu ni kwamba saratani bado inahitaji kubanwa, mgonjwa atameza dozi yake kubwa akijua sababu, huku moyo wake ukichunguzwa kwa karibu. Kama jibu ni kwamba hatari imekwisha, dozi ipunguzwe, na ipunguzwe mwaka huu.

Tumekwisha kuwekeza mengi katika uhai wa watu hawa: nauli, upasuaji, mionzi, usiku wa ndugu kulala sakafuni wodini. Gharama ya kipimo cha damu kwa mwaka ni ndogo mbele ya hayo yote. Mtu aliyeishinda saratani asipotezwe na kiharusi kilichotokana na dozi ambayo hakuna aliyekumbuka kuipunguza. Kumkumbuka ni wajibu wa kliniki iliyomtibu, wa kituo kinachompa dawa, na wa mwanawe anayeweza kufungua daftari na kuuliza tarehe ya mwisho ya kipimo.